Jani Jeupe Si Jicho la Jirani

Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, ateremshaye mvua kutoka mbinguni na kuotesha kwayo mimea ya kila namna. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake wote. Amma baad.

Juma hili tumeazimia kuzungumzia jambo ambalo huenda likaonekana geni katika ukurasa huu, nalo ni upungufu wa zinki katika mimea ya shambani na namna ya kuuondoa kwa mbolea inayopuliziwa majani. Si ada yetu kuandika habari za mbolea. Lakini jambo hili lilitufikia kwa mlango wa msikiti, likakaribia kuvunja udugu wa watu wawili waliotoka tumbo moja, na sisi wenyewe tulikuwa na sehemu yetu katika kosa. Kwa hiyo tumeona ni haki tulieleze kama lilivyokuwa, ili aliye na shamba afaidike, na asiye na shamba azingatie.

Kisomo shambani

Mzee mmoja wa kijiji kimoja katika kaunti ya Kilifi, mtu wa safu ya mbele msikitini, alitujia baada ya swala ya Ijumaa akatuomba twende tukamsomee shamba lake. Ana ekari 2 alizorithi kwa marehemu babake. Alitueleza kwamba nusu ekari ya upande wa chini, ile inayopakana na shamba la nduguye mdogo, ilikuwa imeingia nuksi. Misimu mitatu mfululizo mihindi ilichipua vizuri, kisha ikifika kimo cha goti la mtoto ilipauka ikawa nyeupe, ikadumaa, na mwisho ikatoa vibunzi visivyojaa punje. Ng'ambo ya mpaka, mihindi ya nduguye ilikuwa ya kijani kibichi.

Mzee hakumtaja mtu kwa jina, ila maneno yake yalikuwa na mwelekeo. "Sheikh," alisema, "jicho la mtu wa mbali halina nguvu namna hii."

Tulikwenda. Tulisoma Yasini, tukasoma sura mbili za kujikinga, tukaomba dua, tukaandaliwa wali, tukala, tukarudi nyumbani. Hatukumuuliza mzee alipanda nini, wala alitia mbolea gani. Hatukuinama kutazama hata jani moja.

Kusoma Qur'ani ni kheri daima, na dua ni silaha ya muumini. Lakini baada ya wiki mbili mihindi ilikuwa bado nyeupe, na kijijini pakazuka neno jipya. Watu walisema, masheikh wangeitwaje kusoma kama hakuna kilichofanywa? Kufika kwetu kuligeuzwa ushahidi. Ndugu wawili wakaacha kuamkiana. Wake zao, waliokuwa wakichota maji pamoja, wakawa kila mmoja ana saa yake ya kwenda kisimani. Haya yalitufikia tukiwa tumekaa, tukaona uzito wake.

Swali moja la afisa wa kilimo

Mwenyezi Mungu akajaalia tukakutana katika karamu ya nikahi na afisa wa kilimo wa wadi ile, kijana mwenye adabu na elimu yake. Tulimsimulia habari hii kama mtu asimuliavyo msiba wa jirani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatuuliza swali moja tu: "Sheikh, majani yaliyopauka ni ya chini au ni ya juu?"

Hatukujua. Tulikuwa tumesimama katikati ya shamba lile kwa muda wa kutosha kusoma Yasini nzima, na hatukujua.

Siku ya pili tulifuatana naye. Alichuchumaa katika safu za mihindi na kutuonyesha. Majani ya chini, yaliyotoka mwanzo, yalikuwa na rangi yake. Yaliyopauka yalikuwa ya juu, machanga, yale yanayochomoza moyoni mwa mmea. Kila jani lilikuwa na ukanda mpana wa rangi nyeupe iliyoelekea manjano, mmoja kila upande wa uti wa jani, ukianzia kitakoni na kupanda kuelekea nchani, ilhali uti wenyewe na kingo zimebaki kijani. Pingili za shina zilikuwa fupi, zimebanana, hata mmea ukaonekana kama umekaa chini. Akasema hii ndiyo sura ya mhindi uliokosa zinki.

Tukamwomba atufundishe kuupambanua upungufu huu na mengineyo, naye akatupa vipimo ambavyo twavinakili hapa kwa manufaa ya wasomaji. Upungufu wa nitrojeni huanza kwenye majani ya chini, yaliyozeeka, na unjano wake huingia kwa umbo la mshale kuanzia nchani. Upungufu wa magnesiamu nao huanza chini, kwa milia baina ya mishipa ya jani. Upungufu wa chuma huonekana katika majani machanga kama zinki, lakini milia yake ni myembamba, nayo hunyooka jani zima. Ugonjwa wa milia unaoletwa na virusi huacha vistari vyembamba vilivyokatikakatika. Na ule ugonjwa hatari uliogunduliwa Bomet mwaka 2011, ambao wakulima huuita kwa herufi MLN, huleta madoadoa ya unjano, kisha jani hukauka kuanzia kingoni kuelekea ndani. Maradhi hayo mawili hayatibiwi kwa mbolea yoyote. Ndiyo maana mtu hutazama kwanza, kisha ndipo anunue.

Ardhi ilikumbuka

Swali la pili la afisa lilikuwa kwa mzee mwenyewe. Aliuliza upande ule ulikuwa na nini zamani. Mzee alifikiri kidogo, akajibu kwamba babake alichimba hapo mawe ya kujengea, miaka mingi kabla ya shamba kugawanywa. Mawe yalipokwisha, shimo lilifukiwa kwa vumbi na vifusi vya matumbawe, na udongo mchache ukatandazwa juu.

Hapo fundo likaanza kufunguka. Mawe yetu ya pwani asili yake ni matumbawe ya bahari, na matumbawe ni chokaa. Wataalamu hupima uchachu wa udongo kwa kipimo kiitwacho pH. Kipimo cha 7 ni cha katikati, kilicho chini yake ni udongo mchachu, na kilicho juu yake ni udongo wa chokaa au magadi. Kila kipimo hicho kinapopanda kwa 1, zinki iwezayo kuyeyuka majini ikanyweka na mizizi hupungua kwa takriban mara 100. Basi zinki huenda ikawamo ardhini, lakini imeshikwa na chokaa, na mmea hauwezi kuifikia. Ni kama chakula kilichofungiwa kabatini, mwenye njaa akawa amesimama nje.

Juu ya hayo, mzee alikuwa ameuza ng'ombe wake wakati wa ukame wa 2022, na tangu hapo hakutia samadi. Samadi hubeba zinki kidogo, na viini vyake husaidia kuifungua ile iliyofungwa. Kisha, kwa kuona upande ule ni dhaifu, kila msimu aliuongezea mbolea ya DAP kuliko upande mwingine. DAP ina fosforasi nyingi, na fosforasi ikizidi katika udongo uliopungukiwa na zinki huuzidishia mmea njaa hiyohiyo. Mzee alikuwa akitoa fedha yake kununua maradhi ya shamba lake, na huku akimtazama nduguye kwa jicho baya. Shamba la ndugu halikuchimbwa mawe, na mbuzi wake hulala humo baada ya mavuno. Hiyo ndiyo siri yote ya ukijani wake.

Zinki ni nini hata idaiwe?

Zinki ni madini. Mhindi huitaji kwa kiasi kidogo mno. Hekta moja ya mahindi mazuri huchukua nitrojeni kwa kilo mia na zaidi, ilhali zinki yake haifiki hata nusu kilo. Lakini hicho kidogo hakina badala. Bila zinki mmea hauwezi kutengeneza protini sawasawa, hupungukiwa na kichocheo kinachorefusha pingili zake, na mbelewele zake hutoa chavua dhaifu, ndiyo vibunzi vikatoka na mapengo. Kwamba mimea haiwezi kuishi bila zinki ni jambo lililothibitishwa huko California mwaka 1926 na wanasayansi Anna Sommer na C. B. Lipman. Kabla ya hapo wakulima wengi duniani waliona majani yakipauka wasijue sababu.

Mke wa mzee, aliyekuwa akisikiliza kutoka barazani, akauliza, "Mwanangu, zinki hii si ile ya vidonge tupewavyo zahanati mtoto akiharisha?"

Ni hiyohiyo. Tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wameelekeza mtoto anayeharisha apewe, pamoja na maji ya chumvi na sukari, vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Mwili wa binadamu nao waihitaji kwa ukuaji na kwa kinga ya maradhi. Na hapa pana kisa ambacho familia zetu zapaswa kukijua.

Mwaka 1958 daktari kijana mzaliwa wa India, Ananda Prasad, alikwenda kufanya kazi katika mji wa Shiraz nchini Iran. Huko alioneshwa mgonjwa mwenye umri wa miaka 21 ambaye kwa umbo alikuwa kama mtoto wa miaka 10. Hakuwa amebaleghe. Chakula chake kilikuwa mkate wa ngano, nyama hakuipata ila kwa nadra, na alikuwa na mazoea ya kula udongo. Wengine wa mfano wake walikuwepo vijijini. Prasad alifikiri, akaandika mwaka 1961 kwamba huenda vijana hawa wamekosa zinki, na uchunguzi aliouendeleza Misri ukaitia nguvu kauli yake. Nafaka isiyochachuliwa ina kitu kiitwacho fitati, ambacho huishika zinki tumboni isiingie mwilini. Zinki yao, kama ile ya shamba la mzee, ilikuwa ikifungiwa mlango.

Miaka ya 1990, katika nyanda za kati za Uturuki, ambako ardhi ni ya chokaa na watu huishi kwa ngano, watafiti waliofanya kazi na Ismail Cakmak walionyesha kwamba ngano ilikuwa ikidumaa kwa kukosa zinki. Ilipowekewa zinki, mavuno yaliongezeka, na baadhi ya mashamba yaliongezeka sana. Viwanda vya mbolea vya nchi hiyo vikaanza kuitia zinki katika mbolea zao. Ikaonekana pia kwamba ngano ikipuliziwa zinki majani baada ya masuke kutoka, punje zenyewe huwa na zinki zaidi, na mlaji wa mkate hufaidika. Basi njaa ya jani hufuatana na njaa ya mtoto. Udongo ukikosa, nafaka hukosa, na sahani hukosa.

Pampu ya ndugu

Afisa alishauri mihindi ipuliziwe upesi, kwa kuwa ilikuwa bado michanga na msimu haujapotea. Mbolea ya kutia ardhini ingechelewa, na chokaa ile ingeishika kabla mizizi haijaipata. Jani, kwa upande wake, hunywa likipuliziwa. Njia hii humpita mlinzi wa mlangoni na kumpelekea mwenye njaa chakula mkononi.

Zinki salfeti ilipatikana katika duka la pembejeo mjini. Kilichokosekana kilikuwa pampu ya mgongoni. Mzee alisema hana. Tukauliza ni nani kijijini aliye nayo. Pakawa kimya. Hatimaye mkewe akasema ipo kwa shemeji yake.

Tulikwenda kuiazima sisi wenyewe, kwa maana tuliona ni deni letu. Ndugu mdogo alitukaribisha, akatusikiliza, akainuka akaileta pampu. Kisha akasema, "Sheikh, pampu hii haivuti bila ya mtu anayeijua. Nitakuja nayo." Akaja alfajiri ya pili, akaitia mgongoni mwake, akapulizia nusu ekari ya kakake safu baada ya safu, isipokuwa safu 4 ambazo afisa aliamuru ziachwe ili ziwe kipimo. Hawakuzungumza sana asubuhi ile. Lakini walikunywa chai katika birika moja.

Baada ya siku 10 tulirudi. Yale majani yaliyokwisha kupauka hayakurudi kuwa mazima kabisa. Lakini kila jani jipya lililochomoza katika safu zilizopuliziwa lilikuwa la kijani, na zile safu 4 zilikuwa bado na vipaku vyake vyeupe. Hapakuhitajika hotuba. Mzee alisimama baina ya safu hizi na zile, akatazama kushoto na kulia, akasema "Subhanallah," akanyamaza.

Namna ya kuitumia

Kwa wale waulizao vipimo, haya ndiyo tuliyoyaona yakifanywa, nayo yanalingana na yale yatumiwayo kwa miaka mingi huko India, ambako Y. L. Nene wa Pantnagar alibainisha mwaka 1966 kwamba maradhi ya mpunga yaitwayo khaira hayakuwa ila ukosefu wa zinki. Wakulima wa mpunga wa bonde la Tana na wazingatie: huko dalili yake ni madoa ya rangi ya kutu katika majani, wiki 2 hadi 4 baada ya kupandikiza miche.

Katika pampu ya lita 20 huyeyushwa gramu 100 za zinki salfeti. Kwa kuwa maji yake ni makali na yaweza kuunguza majani, huongezwa gramu 50 za chokaa iliyozimwa, iliyokorogwa kando na kuchujwa kwa kitambaa ili isizibe pampu. Mihindi michanga huhitaji pampu 8 hadi 10 kwa ekari. Ukinunua mbolea ya majani iliyotayarishwa kiwandani, fuata maandishi ya chupa yake, kwa sababu nguvu zake hutofautiana. Usichanganye zinki na mbolea ya fosforasi katika pampu moja, kwani zitagandana na kukosa faida. Jaribu kwanza mimea michache, ungoje siku mbili tatu, kisha ndipo upulizie shamba.

Wakati wake ni wiki 2 hadi 3 baada ya mihindi kuota, au mara dalili zionekanapo mapema. Hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14, kwa sababu zinki iliyoingia katika jani la leo haihami kwa wingi kwenda jani la kesho. Saa nzuri ni asubuhi umande ukiisha kukauka, kabla upepo wa kusi haujapanda, au baada ya Alasiri upepo ukitulia. Jua kali la adhuhuri hukausha dawa kabla jani halijainywa, na mvua ikinyesha upesi huiosha.

Mpuliziaji na avae glavu, afunike pua na macho, na aoge amalizapo. Mbolea hii ni sumu ikimezwa, basi ihifadhiwe mbali na watoto. Na kwa kuwa jina ni moja, twasisitiza: mbolea ya zinki haipewi mtoto kamwe. Dawa ya mtoto hutoka zahanati.

Mwisho, kupulizia ni msaada wa dharura tu. Humwokoa mgonjwa wa msimu huu na kuiacha ardhi kama ilivyokuwa. Ardhi hutengenezwa kwa samadi na mboji, kwa kuacha kuirundikia fosforasi isiyohitajika, na kwa kutia zinki salfeti wakati wa kupanda, kilo 8 hadi 10 kwa ekari, ambayo huweza kufaa kwa misimu kadhaa. Lakini zinki ikizidi nayo hudhuru. Kwa hiyo apimishe udongo wake kila awezaye kabla ya kununua. Kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kipo Mtwapa, na maafisa wa kilimo wapo katika wadi zetu. Waulizwe.

Dhana na sababu

Tumejifunza nini sisi tuliokwenda kusoma tukarudi?

Hasadi ipo, nayo imetajwa katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu, na muumini hujikinga nayo asubuhi na jioni. Lakini kuamini kwamba hasadi ipo ni jambo moja, na kumshika mtu fulani kwa hasadi bila ushahidi ni jambo jingine. Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, Mola wetu ametukataza kufuata dhana nyingi, akatujulisha kwamba baadhi ya dhana ni dhambi. Dhana ya mzee ilijengwa juu ya jani jeupe na mpaka wa shamba tu, na sisi tukaijengea paa kwa kunyamaza kwetu.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimwelekeza bedui amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mungu. Na ni mashuhuri kisa cha watu wa Madina waliokuwa wakiichavusha mitende yao. Alipotoa maoni kwamba hadhani lina faida, waliacha, tende zikatoka hafifu, naye akawabainishia kwamba wao wana ujuzi zaidi katika mambo ya dunia yao. Mbora wa viumbe alimwachia mkulima ukulima wake. Je, ni aibu gani kwa sheikh wa kijijini kusema, "Hili silijui, tumwite alijuaye"?

Basi tunapoitwa kusoma shambani, tumejiwekea ada mpya: tunatanguliza kutazama. Twauliza ni majani ya juu au ya chini, palikuwa na nini zamani, na kumetiwa nini. Kisha twasoma na kuomba dua kwa nyoyo zilizo safi zaidi, kwa sababu hatubebi ndani yake jina la mtu.

Mavuno

Msimu ulipokwisha, tuliitwa tena. Mvua zilikuwa za kutosha mwaka ule, basi hatusemi kwamba kila punje ilitokana na zinki. Lakini zile safu 4 zilizoachwa zilikuwa shahidi: vibunzi vyake vilikuwa vichache na vyenye mapengo, na jirani zake vimejaa.

Misimu mitatu ya nyuma mzee hakupata zaidi ya magunia 5 kwa shamba zima. Safari hii alipata magunia 8 ya kilo 90, yaani kilo 720. Ndugu msomaji atakumbuka kwamba nisabu ya zaka ya nafaka ni wasaki 5, ambazo wanazuoni wengi wa zama zetu huzikadiria kuwa kilo 653, karibu magunia 7 na robo. Kwa misimu mitatu mzee huyu, ambaye maisha yake yote alikuwa mtoaji, hakufikia nisabu. Jambo hilo, alitunong'oneza, lilimuuma kuliko njaa.

Alitukabidhi kilo 72 zake, sehemu ya kumi kwa kuwa shamba lake hunyweshwa na mvua, tuwafikishie wanaostahiki. Aliyezipima katika mizani na kuzifunga gunia alikuwa nduguye. Mbuzi wake, tuliambiwa, sasa watalala pande zote mbili za mpaka.

Twamwomba Mwenyezi Mungu abariki mashamba yetu, azisafishe nyoyo zetu na dhana, na atuzidishie elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.